Njia ya Kasenyi, na ile taa tuliyoifunika



Wengi mlituuliza kwa nini samaki wa kikundi walichelewa majuma matatu, na kwa nini tuliporudi mara ya kwanza gari lilikuwa na udongo mwekundu ubavuni mpaka kwenye vioo. Tuliona afadhali kuandika yote mahali pamoja, hata yale yanayotutia haya, kuliko kila mmoja kuokota kipande chake sokoni.

Kwanza njia yenyewe, kwa wale ambao hawajashuka kule. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko chini, kama mita 620. Kati yake kuna Bogoro, kama kilomita 25 toka mjini, na mbele ya Bogoro nchi inakatika. Mtu aliyezoea vilima vya Bunia anafikiri anajua maana ya mteremko, mpaka afike pale. Barabara inajikunja, inapotea nyuma ya jiwe, inatokea tena chini yako, na ghafla unaona maji, meupe kama bati jipya, na ng'ambo yake milima ya Uganda. Mara ya kwanza kila mtu ananyamaza. Mara ya pili kila mtu anaanza kusema bei.

Tukipita Bogoro pia tunanyamaza, lakini kwa sababu nyingine. Mambo ya tarehe 24 mwezi wa pili 2003 yanajulikana, na mahakama ya kimataifa ya La Haye iliyasikiliza kwa miaka. Kuna wamama kati yetu walioacha watu wao pale. Hakuna anayetoa hotuba. Mmoja anashusha kioo, mwingine anatafuta kitu katika mfuko ambacho hakimo, kisha tunapita watu wanaouza maziwa, mmoja anauliza bei, na sauti zinarudi.

Chini ni nchi nyingine. Joto linakupokea kabla ya watu. Sweta ulilovaa saa kumi na mbili asubuhi Bunia unalifunga kiunoni, na kitenge cha pili kinakuwa mzigo. Kasenyi kuna pirogi zilizovutwa mchangani, nyavu zinazoshonwa, chumvi, moshi, na wamama wenye visu wanaopasua kapiteni mmoja kwa muda ambao sisi tunatumia kufungua boksi la viberiti. Samaki wabichi hatuchukui, maana jua na barabara haviwahurumii. Tunanunua wa chumvi na wa moshi, tunawapanga katika mabeseni, tunafunika kwa majani na kwa gunia, na tunatoka mapema. Usiku usitukute njiani. Kila mama wa Ituri anajua sababu yake, hatuna haja ya kuiandika.

Basi, gari. Ni gari dogo la Kijapani la mitumba, lililopita Mombasa na Kampala kabla ya kutufikia, vola yake iko kuume. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo mama shofere wetu anakaa upande wa shimo. Anauona ukingo vizuri sana, vizuri kupita kiasi, lakini kamioni inayokuja haioni mapema. Ndiyo maana katika gari letu mama anayekaa mbele kushoto hasinzii na hachati. Yeye ndiye macho. Anasema "pita" au "ngoja," na akisema "ngoja" hakuna anayebishana naye.

Mwezi wa kumi, wakati wa mvua, tulimpeleka mwenzetu hospitali ya Nyankunde. Karibu na Marabo tulizama katika potopoto. Kamioni moja ilituvuta kwa nyuma. Vijana waliingia chini ya gari na kufunga kamba pale walipofikia, tukawapa faranga zao na kuwashukuru, tukaendelea. Mwenzetu alitibiwa, akapona. Kamba ile tuliisahau.

Siku chache baadaye, ndani ya Bunia, taa tatu ziliwaka kwenye tablo. Moja imeandikwa ABS. Nyingine ni picha ya gari dogo linaloacha nyuma yake mistari miwili iliyopinda kama nyoka. Ya tatu ni herufi tu. Gari lilitembea kama kawaida. Freni zilishika kama kawaida.

Tulipeleka gari kwa fundi wa kwanza. Hatutamtaja, wala garaji yake. Alichomeka kamashine kadogo chini ya vola, akafuta, taa zikazimika, tukafurahi. Hatukufika kilomita mbili zikarudi. Tuliporudi kwake alifungua boksi la katikati, kati ya viti viwili vya mbele, akatoa kitu, akakitazama, akakirudisha. Kisha akasema pompa ya ABS imekufa, na mpya ni dola 350. Kasha la kikundi lilikuwa na dola 410, na hizo ndizo za kununulia samaki. Alipoona nyuso zetu akasema: "Wamama, hii taa haizuii gari kutembea. Naweza kuizima."

Hakuizima. Sisi wenyewe tulifanya vibaya zaidi. Tulirudi nyumbani tukabandika kipande cha skochi nyeusi juu ya taa zile. Tulikuwa watano siku ile, na hakuna aliyekataa, hata yule anayeandika hizi.

Hapa tusimame kidogo tueleze taa ile inalinda nini, maana wakati ule hata sisi hatukujua.

Fikiri mama mwenye beseni la samaki kichwani anashuka njia yenye utelezi. Mguu mmoja unateleza. Kabla hajawaza neno lolote, mguu wa pili umekaza, kiuno kimerudi nyuma, shingo imenyooka, na beseni halikuanguka. Mwili umesikia kwamba unakwenda mahali ambapo yeye hakutaka kwenda, ukarekebisha. Gari lenye ulinzi huu lina kitu kama hicho. Katika kila gurudumu kuna sensa inayohesabu mwendo wake. Kwenye vola kuna nyingine inayosema shofere anataka kwenda wapi. Na katikati ya gari, mara nyingi chini ya lile boksi la katikati, kuna ya kusikia gari lenyewe linageuka kiasi gani na linasukumwa upande gani. Kompyuta ndogo inalinganisha hayo mara nyingi kwa sekunde moja. Ikiona shofere amekata kushoto lakini gari linakwenda moja kwa moja shimoni, au sehemu ya nyuma inataka kupita ya mbele, inafunga freni ya gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini. Mguu wa binadamu hauwezi kazi hiyo, kwa sababu pedali ya freni ni moja na inabana magurudumu yote pamoja.

Jambo hili si la zamani sana. Mercedes-Benz na kampuni ya Bosch walilitia katika gari la kuuzwa mwaka 1995, na Toyota walikuwa na la kwao Japani mwaka huohuo. Mwanzoni lilikuwa la magari ya wakubwa. Mwaka 1997 gari dogo jipya la Mercedes lilipinduka huko Uswidi, mikononi mwa mwandishi wa gazeti aliyekuwa akijaribu kukwepa kitu barabarani kwa ghafla, na baada ya aibu ile kiwanda kikatia ulinzi huu katika magari hayo yote. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote mapya ya mwaka 2012, na nchi za Umoja wa Ulaya kwa yote mapya kuanzia mwezi wa kumi na moja 2014. Ndiyo maana mitumba inayoingia Bunia sasa inazidi kuwa nayo, na ndiyo maana taa ile tutazidi kuiona.

Sasa safari. Tulitoka Bunia na skochi yetu, mama watano na mtoto mmoja wa miezi minane aliyekuwa mgongoni kisha mapajani. Mpaka Bogoro kulikuwa kukavu. Kule juu ya mteremko wingu lilikuwa limekaa, na mvua ilikuwa imepita saa moja kabla. Udongo mwekundu uliolowa juu na kukauka chini ni kama sabuni juu ya sahani. Mama shofere alikuwa katika vitesi ya pili. Kwenye kona ya tatu au ya nne, "macho" akasema "ngoja," kamioni ilikuwa inapanda. Mama shofere alikanyaga freni na kukata vola kidogo kwa wakati mmoja, na sehemu ya nyuma ya gari ikaondoka. Hatukusikia kelele. Tuliona tu kwamba ziwa, lililokuwa mbele, sasa liko dirishani.

Gari lilijigeuza likagonga ukingo wa upande wa mlima kwa ubavu na kusimama. Lingegeukia upande mwingine, barua hii ingeandikwa na wengine. Mtoto hakulia, alikuwa anatazama mama yake kuona kama ni mchezo. Shofere wa kamioni alishuka, akatazama tablo, akaona skochi, akaibandua kwa ukucha. Hakutukemea. Alisema tu, "Wamama, nani amewafanyia hivi?" Na hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu tulilijua.

Tulishuka polepole mpaka Kasenyi, vitesi ya kwanza, tukanunua, tukarudi jioni mapema. Vola ilikuwa imekaa upande: ukienda moja kwa moja, alama yake ya katikati ilitazama kushoto. Mabeseni mawili yalikuwa yamepasuka. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri, na mume wa mmoja wetu alisema gari liuzwe. Tulimwelewa. Lakini gari hilo ndilo linalolipa shule za watoto kumi na wanane.

Fundi wa pili ni kijana wa mtaani, garaji yake ni mwembe mmoja na bati nne. Tulimwendea kwa sababu mama mmoja alimfundisha darasa la nne na alikumbuka kwamba alikuwa mtoto wa kuuliza sana. Hakuchomeka kitu. Aliuliza kwanza. Taa ziliwaka lini? Kabla yake gari lilifanya nini? Liligongwa? Lilivutwa? Lilibadilishwa pine? Hapo ndipo kamba ya Marabo ilirudi vichwani mwetu.

Akazunguka gari na kusoma namba za pine zote nne, zile zilizoandikwa ubavuni. Tatu zilifanana. Moja ilikuwa ya namba nyingine, ndogo kidogo, tuliyoinunua haraka baada ya kupasukiwa. Akatueleza kwamba pine ndogo inazunguka mara nyingi kuliko wenzake kwa njia ileile, na kompyuta inaweza kufikiri gurudumu hilo linateleza au gari linapiga kona. "Hii si ugonjwa wenyewe," akasema, "lakini mtainunua." Akapima na upepo.

Kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukulijua. Kamashine ka fundi wa kwanza ni ka bei ndogo, kanasoma habari za injini tu. Ugonjwa wa freni na utelezi una namba zake, na mashine nyingi ndogo hazifiki huko. Yeye pia hakuwa na mashine kubwa. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili katika kile kichomeo cha chini ya vola, akafungua kontakti bila kuwasha injini, na taa ya ABS ikaanza kupepesa. Akatuambia tuhesabu pamoja naye, kama watoto wa shule. Mara tatu. Ikanyamaza kidogo. Mara tatu tena. "Thelathini na tatu," akasema. "Gurudumu la nyuma, la kuume." Katika magari ya aina yetu namba 31 ni la mbele kuume, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kuume, 34 nyuma kushoto. (Msijaribu waya huo nyumbani. Ukikosea tundu unaunguza kompyuta, na hiyo si dola 350.)

Namba haisemi kitu gani kimekufa. Inasema tu ni kona gani ya nyumba ukatafute. Inaweza kuwa sensa yenyewe, au waya wake, au uchafu, au kile kiduara anachokisoma. Fundi wengi wanasoma namba na kuuza sensa palepale. Kijana alinyanyua gari, akatoa gurudumu, akasafisha kwa brosi, akalala chini. Kutoka mwilini mwa gari mpaka kwenye gurudumu kuna waya mfupi wenye vichomeo kila upande, na waya huo unapanda na kushuka na gari kila shimo. Ulikuwa umebanwa, ngozi yake ina alama ya kamba. Akauchomoa, akaweka mita yake mwisho huu na mwisho ule, mita ikalia. Akaukunja pale penye alama, mita ikanyamaza. Akaunyoosha, ikalia tena.

Hiyo ndiyo ilikuwa pompa iliyokufa.

Tulimwuliza kama anaweza kuuunganisha. Alisema anaweza kuutia lehemu, utafanya kazi juma moja au mawili, kisha utakatika tena mahali pale panapokunjika, labda juu ya mteremko. Hakutaka. Akauandika katika daftari pamoja na namba ya kipande, na mwenzetu mmoja anayefuata bidhaa Kampala aliupata katika duka la vipuri pale Kisekka, wa mitumba, mzima, dola 25. Sasa cheka nasi kidogo: mwenzetu alirudi kwa njia ya ziwa, kutoka Ntoroko kwa pirogi. Kwa hiyo waya wa kutushusha Kasenyi salama ulitungoja Kasenyi. Ulipanda mlima kwa taksi-moto, ndani ya ndoo ya samaki, na ulipofika Bunia ulinuka juma zima.

Waya ulipotiwa, taa ya ABS ilizimika. Ya gari linaloteleza haikuzimika. Tulikata tamaa kidogo, tukafikiri labda fundi wa kwanza alikuwa na haki. Kijana akauliza kama kuna mtu aliyefungua boksi la katikati. Tulipomweleza, akatikisa kichwa. Ile sensa ya katikati, akasema, lazima ijue maana ya kusimama wima na kutulia, kama mizani ya sokoni inayorudishwa kwenye sifuri kabla ya kupima. Ukiitoa na kuirudisha, ukafutafuta kumbukumbu zake, haijui tena sifuri ni wapi. Inabidi ufundishwe upya. Na vola yetu ilikuwa imepinda tangu kugonga ukingo, kwa hiyo sensa ya vola ilikuwa inaiambia kompyuta kwamba tunakata kona siku nzima. Akatutuma kwanza tukanyooshe magurudumu ya mbele, kazi ambayo magaraji wanaiita paralelismu, mpaka vola ikae katikati gari likienda moja kwa moja. Baadaye sifuri.

Kwa sifuri gari linataka mahali tambarare, lisitikisike, mlango usifunguliwe, mtu asiegemee. Tafuteni nanyi mahali tambarare Bunia! Chini ya mwembe palikuwa na mteremko. Uwanja wa jirani una mifereji ya mvua. Mwisho tulipewa ruhusa kwenye saruji mbele ya depo moja, asubuhi kabla ya wateja. Kijana aliweka chupa ya maji juu ya saruji, akatazama maji, akaisogeza, akatazama tena. Watoto walikusanyika. Mlinzi wa depo aliwafukuza wasiguse gari. Akaunganisha waya wake, akangoja, akahesabu, taa zikapepesa. Kisha akazima, akawasha, na tablo ikawa safi. Wamama walipiga vigelegele asubuhi ile mpaka mwenye depo akatoka na mswaki mdomoni.

Kijana alichukua dola 30 kwa kazi yake yote. Waya 25, pine ya kuokota yenye namba sawa 40, paralelismu 15. Jumla 110. Hesabu iko katika daftari la kasha, kila mwanachama anaweza kuitazama. Mabeseni mawili hatukuyatia.

Kwa ajili ya wenzetu wenye magari, tunaongeza yale aliyotuambia chini ya mwembe. Taa ya gari linaloteleza ikipepesa ukiwa kwenye utelezi, si ugonjwa. Ni ulinzi unafanya kazi, wewe punguza mwendo. Ikiwaka na kukaa, ulinzi umelala. Freni za kawaida zipo, lakini endesha kama mtu aliyebeba mayai na nenda kwa fundi. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya freni, simama, tazama mafuta ya freni, usishuke mteremko wowote. Ikiwaka pamoja na taa ya injini, uanze na injini, maana magari mengi yanalaza ulinzi huu yenyewe pale kompyuta isipoiamini injini. Na ukizama katika potopoto, kuna kitufe chenye picha ileile na neno OFF. Kibonyeze, kwa kuwa ulinzi unapunguza nguvu kila gurudumu linapozunguka bure, na katika matope mazito ndipo utabaki palepale. Ukitoka, ukirudishe. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano ya chuma ya gari, na mwenye gari ainame mwenyewe aone.

Tulimwuliza pia swali lililokuwa linatuchoma: kama taa isingekuwa inawaka siku ile, tusingeteleza? Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema ulinzi ungeshika gurudumu moja na huenda gari lingenyooka. Huenda. Lakini haubadilishi udongo, na pine zilizolika hauzirudishii meno. Tena kwenye changarawe au matope laini ABS inaweza kurefusha safari ya kusimama badala ya kuifupisha. "Vitesi ya pili ilikuwa nyingi pale," akasema, na mama shofere akatazama chini, kisha akasema ndiyo.

Jumatano iliyopita tulishuka tena. Tulisimama juu kabisa, pale ziwa linapoonekana, tukatoka nje sote watano, tukanyoosha miguu. Kulikuwa kukavu. Vitesi ya kwanza tangu kona ya kwanza. Katikati ya mteremko kulikuwa na mahali pamoja palipolowa, chini ya jiwe linalotiririka maji, na hapo ile picha ya gari dogo ilipepesa mara mbili, haraka, na gari likajisikia kana kwamba mtu amelishika kiunoni. Mama shofere akasema, "Mmeona?" Wa mbele kushoto akamwambia atazame barabara.

Kapiteni wa chumvi wako tayari tangu jana, kwa bei ya mwezi uliopita. Wenye akiba katika kasha wanaanza. Njooni na mabeseni yenu.